Nipe Mji

Uligeuza uso. Usinikoholee na usijipanguse jasho, nakwambia wewe unayesoma hapa ukijifanya hayakuhusu: uligeuza uso, na mimi nilikuona. Ulikuwa umekaa barazani siku jeneza la Bausi lilipotoka kwa mama yake mchana kweupe, na ghafla ukakumbuka kwamba kamba ya kiatu chako imelegea, ukainama kuifunga, na ulikuwa umevaa makubadhi. Makubadhi hayana kamba. Nilikuona ukifunga kamba ya makubadhi mpaka jeneza likapita. Mimi sikusoma, shule niliiona dirishani, lakini kumbukumbu sikuiazima kwa mtu. Hapa Kisimandege tuna desturi yetu na hakuna aliyetufundisha: jeneza likiingia njiani halina mwenyewe. Kila mwanamume aliye karibu huinuka, hutia bega chini ya mkono mmoja wa mti, huenda hatua chache, humpokeza mwenziwe, na hivyo maiti huenda juu ya mabega ya mji mzima kama jani juu ya maji, na hakuna achokaye. Adui humbeba adui. Mlevi hubebwa. Yule aliyeiba mazulia ya msikiti alibebwa, tena kwa kugombaniwa. Bausi je? Bausi mpambaji, ambaye hakuna kitanda cha bi harusi mji huu ambacho hakukitia asmini kwa mikono yake, Bausi alibebwa na watu wanne, walewale wanne, toka mlangoni hadi makaburini, bila wa kuwapokea. Msellem mbele kulia. Faraj mbele kushoto. Nyuma, dada wa marehemu, Bi Zuhura, mwanamke, aliyejifunga leso kiunoni akasema kama wanaume wa mji huu wamekwisha basi nitabeba mimi, na atakayesema haifai aje anitoe. Na mkono wa nne ulishikwa na Mutiso, muuza makaa kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake, akauacha katikati ya njia, akatia bega lake jeusi la makaa, na kwa kuwa dua hakuzijua akawa anasema pole, pole, pole, njia nzima. Wala msiisingizie dini. Dini iliwaambia mbebeni maiti. Kufunga kamba ya makubadhi mlijifundisha wenyewe.

Basi hadithi hii ni ya yule wa mbele kulia, Msellem, fundi wa magodoro ya sufi, ambaye bega lake limeinama tangu siku ile mpaka kanzu zake zote zinaanguka upande mmoja. Godoro la Msellem, pambo la Bausi: si ndivyo mlivyokuwa mkisema mkioza? Nusu ya watoto wenu wametungwa mimba juu ya kazi ya mashoga wawili, na neno hilo nalisema kwa mdomo wangu wote, maana wanawake huitana hivyo uani kwa mapenzi na nyinyi hulirusha barabarani kama jiwe, na mimi naliokota, nalipangusa vumbi, nalivaa. Faraj alikuwa wa Msellem na bado ni wake, ila yuko mbali. Baada ya maziko mawe yalianza kupigwa kwenye mlango wao, na jiwe moja lilipompata Faraj juu ya jicho akaondoka, akapita nchi moja na nyingine mpaka akafika Milwaukee, mji wa katikati ya Marekani, ukingoni mwa ziwa kubwa ambalo yeye huliita bahari iliyosahau chumvi. Anakanda mikate kiwandani. Na sasa njia ya Msellem kumfuata imefunguka, kila kitu kimekamilika, kimebaki neno moja tu kutoka kinywani mwake, naja au siji, na neno hilo Faraj atalipigia simu leo, huku alasiri kule asubuhi, kabla hajaingia kazini. Lakini asubuhi hii Bi Zuhura amekuja karakanani, amekaa juu ya gunia, amesema, Msellem mwanangu, waliomkataa ndugu yangu watanikataa na mimi niliyembeba. Nikifa, nani? Nimetafuta mabega mji mzima nimelipata lako na la Mutiso, na Mutiso siku hizi mgongo haumpi usingizi. Msellem akamwahidi, akamwambia bega langu ni lako, mama. Na wiki iliyopita Faraj naye alimwambia, nikianguka huku kwenye barafu nani atanibeba, na kwake pia alisema bega langu ni lako. Bega moja, miji miwili. Ndiyo shida yake yote. Ukiishika hiyo, umeishika hadithi.

Jua limesimama, wali umeliwa, mji mzima umelala, na Msellem anajilaza juu ya lundo la sufi aliyoipiga tangu asubuhi, simu kifuani, kidogo tu, anasema, mpaka ilie. Na sufi inamkubali. Inamkubali kiuno, inamkubali mabega, inafunga juu ya uso wake taratibu kama maji yanayofunga juu ya jiwe, na anazama, na chini ya sufi kuna sufi, na chini ya hiyo kuna baridi, na miguu yake inakanyaga barabara. Barabara ni nyeupe, haina mwanzo, haina nyumba, inakwenda mbele mpaka inapokutana na yenyewe na kuendelea. Begani mwake kuna uzito anaoujua. Anatazama kushoto, hakuna mtu. Anatazama nyuma, hakuna mtu. Mikono mitatu ya jeneza inaelea hewani, na wa nne umelala pale pale penye kidonda chake cha zamani, na juu ya jeneza limetandikwa shuka la harusi lenye nyota za fedha, na kutoka ndani sauti inasema, wewe Msellem, inua bega, unaniyumbisha kama gunia la mbatata. Ni Bausi. Msellem hashangai, ndotoni hakuna mshangao, anajibu tu, nyamaza, maiti haisemi. Bausi anasema, nilinyamaza lini mimi? Halafu nani aliyetandika barabara hii? Nyeupe tupu, haina hata ua moja, aibu.

Wanakwenda, na wanakwenda, na kwenda kwenyewe kunageuka kuwa njia panda, na kwenye njia panda kumesimama mtu mwenye aproni na wembe, na Msellem anamjua kwa harufu ya manukato yake, ni Shebe kinyozi, aliyemnyoa tangu akiwa mtoto na ambaye siku ya jeneza alikuwa mlangoni pake. Lakini Shebe hana uso. Pale pa uso pana ngozi laini, tupu, kama kisogo kilichohamia mbele. Msellem anasema, Shebe, bwana, njia ya kwenda ni ipi, nataka kujua niende au nibaki. Na kutoka kwenye ngozi ile tupu inatoka sauti, Kitendawili. Nini kingine atajibu mtoto wa pwani? Tega, anasema Msellem. Ninacho tangu nizaliwe na sijapata kukiona. Mwenzangu akigeuza chake, mimi ndiye ninayeumia. Msellem anafikiri, jeneza linamlemea, Bausi ndani anasema fanya hima, nami mgongo unauma, na Msellem anasema, kisogo. Hapana, anasema Shebe. Nipe mji. Na hiyo nayo ni desturi, kila mmoja wetu ameicheza mkekani na bibi yake: ukishindwa kitendawili hupewi jibu bure, unatoa mji kwanza, na aliyepewa anaingia katika mji wako, anakula anavyotaka, anajisifu, ndipo anakufungulia. Lakini kwa bibi mji unaoutoa unabaki palepale ulipo. Hapa Msellem anampa Nairobi, anampa bila kufikiri, kwa kuwa hakuwahi kuizoea baridi yake, na papo hapo anahisi kitu kinakunjwa nyuma yake kama mkeka, na anapotaka kukumbuka mtaa mmoja tu wa Nairobi, hakuna, pametandazwa weupe. Shebe anajipapasa tumbo. Nimekwenda Nairobi, anasema, nimekula nyama choma, nimelala kitanda cha chuma. Jibu ni uso. Ningekuonyesha wangu, lakini niliugeuza siku ile, na haukurudi tena.

Haukurudi, anarudia Msellem, na kwa kulirudia neno anajikuta ameshapita njia panda, na mbele yake kuna maji makubwa yasiyo na harufu ya chumvi, na ndani ya maji kuna mji. Ni Kisimandege. Ni Kisimandege yenyewe, duka la Shebe, msikiti, ukumbi wa harusi, ila umesimama kichwa chini na kulia umekuwa kushoto, na juu ya kila paa kuna sufi, na kadiri anavyoinama kuutazama ndivyo mji unavyopanda kumkuta, mpaka hajui ni yeye aliyetumbukia au ni mji uliotoka. Sasa majengo ni ya matofali mekundu, moshi unapanda, na mtu anakuja anakimbia na koti kubwa lililopakaa unga, na Faraj ndiye, na ana uso, uso wake wote, na lile kovu juu ya jicho. Faraj anamshika mkono. Barabarani. Mchana. Msellem anauvuta mkono wake kwa mazoea, Faraj anaukamata tena, wanatembea, na Msellem anasubiri jiwe. Anasubiri jiwe mpaka mwisho wa mtaa. Jiwe haliji. Mwanamke mzee anayekokota theluji kwa sepetu mlangoni pake anainua mkono kuwasalimu na kurudi kwenye theluji yake. Yule ni jirani, anasema Faraj, nilipougua aliniletea supu, haina ndimu, haina pilipili, nililia, sijui nililia kwa supu au kwa yeye kubisha hodi. Anajua sisi ni nini? anauliza Msellem. Anajua. Anachotaka kujua zaidi ni nani atamkokotea theluji akizidi kuzeeka. Na Bausi ndani ya jeneza anasema, huyo mwanamke nimempenda, lakini mwambieni mlango wake unataka maua.

Ndipo gari refu jeusi linapita polepole, kioo chake kinang'aa, hakuna anayelifuata kwa miguu, hakuna anayeinuka. Nini hilo? Ni maiti, anasema Faraj. Na wabebaji? Gari ndilo mbebaji. Msellem anasimama, mkono wa mti unamkata begani, anaona hapa hakuna aliyewahi kukataliwa bega maana hakuna aliyewahi kuliomba, na hajui acheke au afanyeje. Faraj anasema, huku hawageuzi uso, Msellem, huku bado hawajatazama. Si kitu kimoja. Mimi nimeona kwamba ninaweza kuishi na watu ambao bado hawajatazama, kwa sababu siku wakitazama watanikuta nimesimama. Na Waswahili wenzetu? anauliza Msellem, wapo? Faraj anatazama theluji. Wapo, Jumapili tunapika pilau pamoja. Na umewaambia nini? Nimewaambia nina mke nyumbani. Mke! Nimewaambia anashona magodoro. Mke, Faraj? Mimi? Ningesemaje, baba, pilau lenyewe ndilo tonge pekee la nyumbani ninalolipata kwa wiki nzima. Msellem anapandwa na hasira mpaka jeneza linatikisika. Umevuka nchi hizo zote, anasema, umeacha damu mlangoni, ili uje univalishe buibui? Nilibeba hili mbele ya mji mzima mchana, na wewe ulikuwa kushoto kwangu! Bausi anasema, buibui lingekukaa vibaya kwa bega hilo. Nyamaza wewe! wanasema wote wawili kwa pamoja, na kwa kusema pamoja wanacheka, na kicheko kinatoka moshi mweupe kwenye baridi.

Lakini mbele ya ukumbi wa pilau amesimama mtu mwingine, koti zito, kofia ya viua kichwani, na chini ya kofia hakuna uso. Kitendawili, anasema. Tega, anasema Msellem, na sasa anaogopa. Kila nikihama naye anahama, na sijamfungia mzigo. Kivuli, anasema Msellem haraka, hicho nakijua. Kivuli hufa taa ikizimwa, anasema mwenye koti, huyu ndipo anaponenepa. Nipe mji. Na safari hii kutoa kunauma, maana Msellem anatazama ndani yake anaona miji imebaki michache, anampa Tanga, mji wa bibi yake mzaa mama, na mara michungwa ya utotoni inakunjwa, na sauti ya bibi akitega vitendawili mkekani inakunjwa nayo. Mwenye koti anafuta midomo asiyokuwa nayo. Nimekwenda Tanga, anasema, nimekula machungwa, nimelala kwa bibi yako. Jibu ni hofu. Faraj ameusikia mji unaondoka, amekuwa mweupe, anasema, Msellem, usiendelee kutoa, utafika kwangu bila hata pa kutokea. Na kabla Msellem hajajibu barabara inamvuta Faraj nyuma, au inamvuta yeye mbele, vidole vinaachana kimoja kimoja, na Faraj anapaza sauti, Jumapili nitawaambia! Uje usije, nitawaambia!

Sasa ni yeye na jeneza na weupe tena, na barabara inagawanyika mara mbili tu. Upande mmoja unang'aa ziwa. Upande wa pili kuna vumbi jekundu la Kisimandege. Katikati amekaa mtu kwenye kiti cha ukambaa, bakora mapajani, anakohoa mara moja kwa kukata, na Msellem anakijua kikohozi hicho kuliko anavyokijua cha baba yake, maana baba alikufa mapema na aliyemlea ni huyu ndugu ya baba, ami Nasoro. Siku ya jeneza Msellem alipita na Bausi begani mbele ya baraza ya ami yake, akasema kwa sauti, ami, nipokee. Ndilo neno tunalosema, nipokee, na hata mgeni husimama akilisikia. Ami alisimama. Msellem akadhani amekuja. Ami akageuza kiti chake, akakaa tena, akiwa ameuelekea ukuta. Na hapa pia ami hana uso. Shikamoo ami, anasema Msellem, kwa sababu amelelewa. Hakuna marahaba. Kitendawili, anasema ami. Umebakisha miji miwili, na mmoja ninautaka, na wewe utanipa kwa mdomo wako kama ulivyowapa wenzangu, ukinipa ule wa ziwa utabaki hapa bila mtu wako, ukinipa huu wetu hutakuwa umewahi kuzaliwa. Bausi amenyamaza ndani ya jeneza. Ni mara ya kwanza. Tega, anasema Msellem.

Nina farasi wa miguu minane, anasema ami, aliyempanda ndiye pekee asiyejua njia.

Na Msellem anacheka. Anacheka mpaka mkono wa mti unaruka begani na kurudi, kwa kuwa kile kitendawili hakukisikia mkekani, alikitembea. Jeneza, ami, anasema. Ni jeneza. Watu wanne, miguu minane, na siku ile sita ilikuwa ya kiume na miwili ya kike, na ile ya kike ndiyo iliyokwenda imara kuliko yote. Unaniuliza mimi? Mimi ni miguu miwili katika hiyo. Ami anafanya kama atainuka. Kaa, anasema Msellem, na ni mara ya kwanza maishani kumwambia mkubwa wake akae. Zamu ni yangu. Kitendawili! Kitendawili, ami, usinivunjie desturi, umenifundisha mwenyewe. Na ngozi ile tupu inasema polepole, tega. Msellem anasimama wima kadiri bega linavyomruhusu. Nililala kwake, anasema, nikazalia kwake, nikaoza mabinti zangu kwake. Alipolala yeye sikumpa bega. Ami anakohoa. Anazungusha bakora. Anasema, mke. Hapana. Anasema, mtumwa. Hapana, ami, hata kidogo. Jibu analo, Msellem anaona linapanda kooni mwake na kushuka, lakini ni jibu ambalo haliwezi kutoka ila kwa kinywa, na kinywa ami alikipeleka ukutani. Sijui, anasema ami mwishowe. Basi nipe mji, anasema Msellem. Nipe mji! Na nyuma ya ami wanatokea wengine, Shebe na aproni yake, mwenye koti, na mji mzima wa visogo, wanasikiliza, na ami Nasoro anafungua kiganja na ndani ya kiganja kuna Kisimandege, ndogo kama yai la njiwa, taa zikiwaka.

Msellem anaupokea. Na desturi ni desturi, aliyepewa mji hajibu kabla hajausifu, basi anausifu, kwa sauti ile ile aliyosema nayo nipokee. Nimekwenda Kisimandege, anasema. Nimeingia kwa njia kuu, mchana, sikupita uchochoroni. Nimekula pilau kwenye sinia la mbele, nimepewa paja la kuku. Nimekaa baraza yako, ami, upande wa upepo. Nimemshika Faraj mkono toka msikitini hadi sokoni, na wenye maswali wameuliza bei ya samaki. Nimeshona magodoro ya harusi na moja ni langu. Na Bausi amezikwa tena, ami, ametolewa na kurudishwa njia nzima ili abebwe vizuri, na amegombaniwa, watu wamesukumana, mtoto amekanyagwa kidole, na Mutiso amesema pole mara moja tu kwa sababu alipokewa kabla hajamaliza. Nimekula, nimeshiba, nimelala. Na jibu ni wewe, uliyelala kwenye pambo la Bausi usimpe bega. Ni wewe, ami, na ni kila aliye nyuma yako. Na kwenye ngozi tupu ya ami Nasoro, chini ya paji, panapasuka mstari mwembamba kama mshono unaofumuka, na ndani yake kuna jicho moja, jekundu, la mzee, na linatazama. Halijafanya lingine. Linatazama tu. Haya, anasema Bausi kutoka ndani, sasa niteremshe, na hilo shuka mpe Zuhura.

Simu inalia. Msellem anaamka juu ya lundo la sufi, au analala juu yake, maana jua la alasiri linaingia mlangoni na linakata macho, na mlangoni amesimama mwanamke, mwanga uko nyuma yake, pale pa uso pake pana giza tupu. Wee, mfu wa mchana, inasema sauti, simu inalia mpaka mtaa wa pili wewe umekoroma, au wataka nimjibu mimi huyo mumeo? Anaingia hatua moja, na uso unatokea, mikunjo yote, Bi Zuhura. Msellem hapokei bado. Mama, anasema, nilikuahidi bega. Bi Zuhura anamtazama, anaitazama simu. Ulidhani nimekuja asubuhi kukufunga kamba? anasema. Mimi sifi kwa ratiba yako. Nenda. Ila usinitoroke kama Faraj, usiku na mfuko wa plastiki, ukatuachia kazi ya kueleza. Sitoroki, anasema Msellem, na anasikia sauti yake imekaa pahali pake. Anayekimbia ni asiye na mji. Mimi nimepewa. Nitaaga mlango kwa mlango, wa Shebe, wa ami, wote, na kila mlango nitauliza nani anashika mkono wangu wa jeneza. Wasipojibu? Nitauliza tena. Anaipokea simu. Naja, anamwambia Faraj, kabla ya salamu. Na ng'ambo ya pili kuna kilio, kisha Faraj anasema, Msellem, unajua nilichokiota usiku huu? Nimeota nawaambia wale wa pilau. Na Msellem anatazama mkono wake ulioshika simu, kwenye kifundo kimenata kibonge cheupe cha sufi, anataka kukipuliza, na kibonge hakiruki. Kinayeyuka. Tone la maji baridi linateremka hadi kiwikoni, katika joto lile la Kisimandege, na Bi Zuhura analiona. Basi yuko wapi? Ameamka huku, au ameamkia kule na sisi ndio tunaootwa? Bega linamuuma. Hilo ni kweli katika miji yote miwili.

Sasa wewe. Msellem anaaga kesho, na akishafika mlango wa mwisho mkono wa mbele kulia utakuwa hauna mtu, na Bi Zuhura ni mzee, na Mutiso mgongo unamuuma, na wako wengine mji huu, vijana, wamelala sasa hivi wakijiuliza watabebwa na nani, na jina la mmoja wao unalijua kwa sababu ulimpa wewe. Nimekutegea tangu mstari wa kwanza. Usiniambie hujui. Jipapase uso kama bado upo, vua hayo makubadhi yasiyo na kamba, simama, toka nje, nenda kwa Bi Zuhura leo hii jua halijatua, ubishe hodi, useme kwa kinywa chako mwenyewe, bega ninalo. Huwezi? Basi mji si wako. Nipe.